Jina la Baba Mkwe Ndani ya Mabano

Tangu niolewe sijawahi kulitamka jina la baba wa mume wangu, na hapa pia hamtalisoma. Siyo kwamba silijui. Nalijua vizuri mno, kwa sababu kitu unachokikwepa kila siku lazima ujue kimekaa wapi.

Nimezaliwa Daudi, juu kule Mbulu, kwenye nyumba ya Wairaqw wanaolima ngano na vitunguu saumu. Nikaolewa Gitting, upande wa Hanang, kwa Wadatoga. Kwao mwanamke anayeletwa kwenye boma hatamki jina la baba mkwe wala la wakubwa wa ukoo waliomtangulia. Hatamki mzee akiwepo, hatamki akiwa peke yake jikoni, na mzee akifariki bado hatamki. Hata maneno ya kawaida yanayokaribiana na jina hilo huyakwepa na kutafuta mengine. Nilipofika tu, mama mkwe alinikalisha kwenye kigoda akanieleza hayo yote kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, maana Kidatoga changu kilikuwa bado ni cha kusalimia tu. Nikamuuliza, nikikosea itakuwaje? Alinitazama, kisha akarudi kuchagua maharage yake.

Laiti angenitajia faini, au matusi, au kurudishwa kwetu, ningepata usingizi. Kunyamaza kwake ndiko kulikonitia hofu. Baadaye wifi yangu alininong'oneza tukiwa kisimani kwamba anayekosea yeye mwenyewe hapatwi na kitu, ila mtoto ndiye hulipa. Sijui alilitoa wapi. Wengine pale bomani hawasemi hivyo, wanasema ni heshima tu. Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa kuambiwa litoke.

Mimi ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi. Nawafundisha watoto wa watu kwamba malaria huletwa na mbu na kipindupindu huletwa na uchafu, na nawapigia mstari mwekundu wanaoandika vingine. Jumapili niko kanisani, na mwinjilisti wetu ameshasema mara nyingi kwamba majina hayana nguvu isipokuwa moja. Nayajua yote hayo. Lakini nina mtoto mmoja, binti, niliyempata baada ya mimba kuniharibikia, na mtoto huyo ana pumu. Mwenye mtoto mmoja hajaribu mambo ili kuona yatakuwaje.

Basi nikawa mjanja wa kukwepa. Jina la tatu la binti yangu ni la babu yake, kama ilivyo kwa watoto wa nchi hii, kwa hiyo kliniki nilikuwa namkabidhi nesi kadi kabla hajafungua mdomo. Siku moja nesi mgeni akaishika kadi bila kuitazama na kuniuliza, "Jina kamili la mtoto?"

"Limeandikwa hapo, dada."

"Najua limeandikwa. Nakuuliza wewe mama yake, hulijui?"

Foleni nzima ilicheka. Nami nikacheka, huku mgongoni nimelowa jasho.

Halafu nikaamua kujiendeleza. Nilijiunga na chuo ambacho masomo yake mengi tunasomea nyumbani na kwenda darasani wakati wa likizo, na mwaka wa mwisho kila mwanafunzi anaandika utafiti na kuutetea mbele ya jopo. Sikutafuta mada mbali. Mlima Hanang tunauona tukifungua mlango, na maporomoko yaliyoshuka Katesh hakuna asiyeyajua. Tope, mawe na magogo viliingia kwenye nyumba za watu asubuhi. Mdogo wake mama mkwe alikuwa anaishi Jorodom, peke yake, akiuza mboga. Siku zile tulikaa kuizunguka redio tukisubiri tusikie chochote juu yake. Redio ilisoma idadi ya waliokufa, kesho yake ikasoma idadi kubwa zaidi, na keshokutwa nyingine. Mama mkwe alikuwa anasogeza kigoda karibu kila taarifa ya habari inapoanza. Tulikuja kumtambua wenyewe, kwa kitenge.

Kwa hiyo nikaandika juu ya dalili ambazo wazee wa mlimani walizijua kabla ya maporomoko, na kwa nini hazikuwafikia watu wa chini. Kwa kuwa nilikuwa nafundisha na sikupewa ruhusa ya kuzunguka vijijini kuhoji, msimamizi wangu alikubali nitumie vyanzo vya mtandaoni: taarifa, vipindi vya redio vilivyowekwa huko, na video ambazo watu walizirusha wakati ule. Nilikuwa napanda jioni hadi karibu na zahanati, mahali mtandao unaposhika vizuri kuliko nyumbani, nimejifunga shuka kwa baridi, natafuta.

Na huko ndiko nilikomkuta baba mkwe.

Nilijua aliwahi kurekodiwa. Kijana mmoja mwenye kamera alipita bomani wiki chache baada ya maporomoko, akamhoji mzee akiwa ameegemea fimbo yake, nyuma yake mlima. Mwaka uliofuata mzee alifariki, mapafu yalimsumbua. Hatukuwahi kuiona video hiyo. Sasa ilikuwa kwenye kiganja changu, na jina lake kamili limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa. Nilishtuka nikaifunika simu kwa shuka, kama vile mtu angepita na kunisikia nikisoma.

Nilisikiliza mpaka mwisho. Mzee alieleza vizuri kuliko taarifa zote nilizokuwa nimesoma. Alisema mvua ilinyesha, na korongo lililo juu, ambalo mvua ikinyesha hunguruma, likakaa kimya. Maji yalikuwa yamezuiwa huko juu. Akasema sentensi ambayo baadaye nilijenga juu yake sura nzima: "Korongo likinyamaza wakati mvua inanyesha, usifurahi. Ondoa watoto."

Nilimpelekea mama mkwe simu. Aliishika kwa mikono miwili. Tangu hapo ikawa kawaida, akimaliza kukamua anakuja mlangoni na kusema, "Nifungulie yule mzee." Wala yeye hakumtaja kwa jina. Nilikuwa nimemzoea akimwita baba wa watoto, au yule mzee, basi.

Sasa mtu anayeandika utafiti lazima aoneshe kila neno alilolichukua amelitoa kwa nani. Chuo chetu kiliruhusu mitindo miwili, uchague mmoja na usichanganye. Wa kwanza ni wa jina na mwaka: ukishaandika maneno ya mtu unafungua mabano, unaweka jina lake na mwaka, unafunga. Msomaji anaona papo hapo nani kasema. Wa pili ni wa namba: unaweka moja, mbili, tatu juu ya sentensi, na majina yanakaa nyuma kabisa, kwenye orodha ya marejeo, pamoja na anwani za mtandaoni na tarehe uliyozifungua. Wenzangu walichagua ule ambao kompyuta zao ziliweza kuupanga. Kwao lilikuwa jambo la mchana mmoja.

Mimi nilianza na jina na mwaka kwa sababu msimamizi aliupenda. Nilifika kwenye sentensi ya korongo. Nikafungua mabano. Nilikaa nikiitazama ile alama iliyopinda, mikono imekaa mapajani. Kuandika ni kutamka? Hakuna aliyewahi kunieleza, maana wanawake waliomtangulia mama mkwe hawakuwa wanaandika. Mchana ulikuwa mweupe, kuku wanaparura nje, mume wangu yuko shambani. Nikajiambia wewe ni mwalimu bwana, acha ujinga, nikaliandika. Nikafunga mabano.

Jioni ile ile binti yangu alirudi kutoka shule kifua kinapiga filimbi.

Najua ni pumu. Najua ulikuwa msimu wa vumbi la kupura ngano na kwamba nusu ya darasa lake walikuwa wanakohoa. Nilimpa dawa yake ya kuvuta, nikamkalisha kitako, nikamwambia apumue taratibu. Na alipotulia tu nilikwenda kwenye kompyuta na kulifuta lile jina herufi kwa herufi kuanzia mwisho. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa hofu. Nilijikasirikia mimi, nikamkasirikia wifi yangu na kisima chake. Lakini nililifuta.

Kesho yake nikampigia msimamizi. Alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti lakini mkali kwenye karatasi.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba mwalimu. Umefikia wapi?"

"Nimeamua kutumia mtindo wa namba."

"Kwa nini? Vyanzo vyako ni vya mtandaoni. Vitu vya mtandaoni vinahama. Jina likiwa kwenye sentensi, hata kama video ikiondoka, msomaji anajua nani alisema."

"Ukurasa unakuwa msafi zaidi, dokta."

"Usafi," alisema, kana kwamba nimemtajia sabuni. "Haya. Chaguo ni lako. Ila chunga."

Sikumwambia ukweli. Ningeanzia wapi? Yeye ni mtu wa kwingine, na mimi nilikuwa nimeshachoka kuchekwa kwenye foleni.

Mtindo wa namba ulinipa raha. Baba mkwe akawa namba tisa. Kila nilipomhitaji niliandika tisa, na sura nzima ikajaa tisa. Kulikuwa bado na ile orodha ya nyuma, ambako jina lilipaswa kukaa mara moja. Hapo nilimpa kijana wa steshenari ya Katesh anayenichapia, nikamwonesha video, nikamwambia anakili kichwa chake kama kilivyo. Sikugusa. Nilipofungua faili nilikuwa naruka ukurasa huo kwa haraka, macho pembeni. Nikaona nimemaliza, na heshima ya watu haijaguswa.

Kisha siku moja mama mkwe akaja mlangoni na ndoo yake ya maziwa. "Nifungulie yule mzee."

Nikafungua. Skrini ikawa nyeusi, na katikati yake maandishi madogo: video hii haipatikani tena.

Nilijaribu tena. Nikatembea hadi zahanati, nikadhani ni mtandao. Ilikuwa imeondoka. Yule kijana mwenye kamera alikuwa amefunga ukurasa wake, na hakuna kati yetu aliyejua anakoishi. Hatukuwa tumeipakua, maana nani anapakua kitu anachokiona kila siku? Niliporudi kumwambia mama mkwe, alisimama tu na ndoo mkononi. Alikwenda kuwafungia ndama, na tangu siku hiyo hakuja tena mlangoni kwangu saa ile.

Mimi sasa hofu ikawa ya pande mbili. Nilimwandikia msimamizi kwamba video imeondoka, naye akanipigia mwenyewe.

"Mwalimu, namba tisa ni nani?"

"Ni mzee mmoja wa huku, dokta."

"Mzee mmoja. Sura yako ya tatu yote imesimama juu ya mzee mmoja ambaye ndani ya maandishi ni tarakimu, na nikienda nyuma nakuta anwani isiyofunguka. Unajua mwaka huu tumewarudisha wanafunzi wangapi wenye vyanzo vilivyobuniwa na akili mnemba? Jopo litauliza kama huyu mtu alikuwepo. Mimi nakuamini, lakini jopo halinijali mimi. Ama umtaje waziwazi ndani ya sentensi, na kiambatisho cha familia kuthibitisha kwamba yalikuwa maneno yake, ama uifute sura."

Nilikaa kwenye jiwe la zahanati mpaka baridi ikanifikia mifupani. Nikiifuta sura, utafiti hauna kitu, na mwaka mzima umekwenda. Lakini hilo ningelivumilia. Kilichonitisha ni kingine ambacho nilikiona pale pale. Maneno ya mzee nilikuwa nimeyaandika yote kwa mkono, nikisikiliza na kusimamisha, neno kwa neno. Video imekufa. Kwa hiyo mahali pekee duniani ambapo maneno yake yalikuwa yamebaki ni kwenye sura yangu ya tatu, na pale palipotakiwa jina lake mimi nilikuwa nimeweka tisa. Nikifuta, nimefuta vyote. Nikiandika, kulikuwa na mtoto wangu nyumbani na kifua chake.

Mume wangu nilipomwambia alisema, "Andika tu, mimi nimekuruhusu." Nikamwambia haliko kwako. Alinielewa, wala hakubisha. Ruhusa ya jambo lile iko kwa wanawake.

Ilinichukua siku kadhaa kumwendea mama mkwe. Kila nilipomkaribia nilipata kazi nyingine ya kufanya. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nilikuwa na hakika atanifukuza mbele yake, au mbaya zaidi, atanyamaza kama alivyonyamaza siku ile ya kigoda. Mwishowe mchana mmoja nilimkuta anapepeta ngwara, zile kunde za huku kwetu, kivulini mwa ghala. Nikachuchumaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Una nini? Umekuwa unanizunguka wiki nzima."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati, nikitaja jopo kabla ya kusema jopo ni nini. Nilimwambia kwamba kwenye kitabu ninachoandika kuna maneno ya mzee. Kwamba nilikwepa kumtaja kwa sababu ya adabu aliyonifundisha, nikamwekea namba. Nilitegemea hapo atanisifu.

Ungo ulisimama mikononi mwake. "Umemwekea nini?"

"Namba, mama. Tisa."

"Mtu anayesoma anaona tisa?"

"Ndiyo mama. Akitaka kujua ni nani anakwenda nyuma ya kitabu."

"Na asipokwenda?"

Aliuweka ungo chini taratibu, akafuta mikono kwenye kanga yake.

"Mdogo wangu alisomwa redioni namba," alisema. "Nilikaa pale na wewe ulikuwepo. Nilisikiliza siku zote zile nikidhani watafika kwake. Wakasema namba, wakasoma na hali ya hewa. Yeye yuko ndani ya namba hiyo mpaka leo. Sasa na mzee wangu umemtia humo."

"Mama, nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

Nikasema. Nilimwambia maneno ya kisimani, na kifua cha mtoto jioni ile, na kwamba nililiandika mara moja na kulifuta. Nilisema huku nimeinamisha kichwa, nasubiri.

Ng'ombe mmoja alikuwa anajikuna kwenye nguzo ya zizi, na nguzo inalia.

"Mimi sikukwambia mambo ya mtoto," alisema hatimaye. "Sikukwambia kitu kwa sababu na mimi sikuambiwa kitu. Mama mkwe wangu alinyamaza, na mimi nikaogopa, na wewe nikakunyamazia. Ndivyo tulivyoolewa." Akausogeza ungo pembeni. "Lete hiyo mashine yako."

Nilileta kompyuta, nikaiweka juu ya gunia. Nikafungua kwenye sentensi ya korongo. Akaniomba nimsomee kwanza. Nikasoma, "Korongo likinyamaza wakati mvua inanyesha, usifurahi. Ondoa watoto." Akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ni yeye. Kisha akauliza jina linakaa wapi, nami nikafuta tisa, nikafungua mabano, nikamwonesha kwa kidole, hapa, mbele ya hii alama iliyopinda.

Akalitamka.

Alilitamka lote, majina yote matatu, na la baba mkwe wake yeye humo humo, polepole, kama mwalimu anayesomesha imla. Lilitoka kwake kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, ya msichana kidogo. Nilitazama mlangoni kule binti yangu alikokuwa anachezea vifuniko vya soda, nikamsubiri akohoe. Ningeweza kuapa kwamba hata nguzo ya zizi ilinyamaza.

"Andika," mama mkwe alisema. "Nimelitoa mimi, halijatoka kinywani mwako. Kama kuna la kulipa, nitalipa mimi. Nimeshakuwa mzee."

Nikaandika. Nilikosea herufi nikarudia, na kila niliporudia yeye alilitamka tena. Tuliimaliza sura yote namna hiyo. Kila palipokuwa na tisa alisema jina, nami nikaandika baada yake, na ngwara zikabaki kwenye ungo hazijapepetwa. Kisha akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kuthibitisha kwamba maneno yale yalikuwa ya mumewe.

Sitaki kudanganya kwamba hofu iliondoka. Niliendelea kumwekea mtoto sikio kifuani kila asubuhi kabla ya kengele ya shule. Alikohoa siku zile za vumbi na akaacha vumbi lilipotulia, kama watoto wengine. Bado naweka sikio mpaka leo.

Siku ya utetezi jopo lilikaa upande wa pili wa meza ndefu, na msimamizi wangu pembeni. Waliuliza juu ya mada, nikajibu. Waliuliza kwa nini video za mtandaoni na siyo mahojiano, nikajibu. Nilikuwa nimeanza kupumua, ndipo mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mwenye miwani, akafungua sura ya tatu.

"Hapa ndipo penye uzito wa kazi yako. Tusomee aya hii, kwa sauti."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimeshughulika na kuandika tu, nikasahau kwamba kilichoandikwa husomwa. Nilisimama. Nikasoma mwanzo wa aya, nikafika kwenye korongo, nikasoma maneno ya mzee yote. Mbele yangu mabano yakafunguka, na mimi nikasimama pale pale. Feni ya juu inazunguka. Nilimwona msimamizi wangu anainua uso.

"Endelea," alisema mwenyekiti.

"Siwezi, mheshimiwa."

"Huoni vizuri?"

"Naona." Niliona foleni ya kliniki mbele yangu, na sauti ya kicheko chao. Nikasema hivyo hivyo. "Huyu ni baba mkwe wangu. Kwetu mke wa mwana hatamki jina lake. Mama mkwe wangu ndiye aliyelitamka, mimi nikaandika."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alivua miwani, akaivaa tena, akauvuta ukurasa karibu. "Basi soma," alisema, "na ukifika hapo tutakupokea."

Nikarudia kusoma kuanzia juu. Nilipofika kwenye mabano nikanyamaza, na mwenyekiti akalisoma jina kutoka kwenye karatasi yake. Mabano ya pili akalisoma yule wa katikati. Ya tatu alilisoma msimamizi wangu. Ila yule wa katikati alilipinda vibaya, akaukata mwisho wake na kuutupa huko, na katika chumba kile mtu aliyejua linavyotamkwa nilikuwa mimi peke yangu. Nikatazama meza.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mama mkwe alikuwa kwenye ghala lake. Nilimwamkia, akaitikia, akaniacha nipumzike kidogo kabla ya kuuliza. Hakuuliza kama nimefaulu.

"Walilitaja?"

"Walilitaja mama. Wote."

"Sawasawa?"

"Mmoja alilipinda."

"Ukamrekebisha?"

"Ningemrekebishaje, mama?"

Alinitazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiuno, mpaka akafuta macho kwa pindo la kanga, nami nikacheka naye. Alipotulia aligeuza uso kuelekea mlimani, akalitamka jina la mume wake mara moja, likiwa limenyooka, na mwisho wake wote.

"Hivyo ndivyo linavyosemwa," alisema, akachukua ungo.